Akiba Isiyotoka

Masika ya mwaka 2023 yalikuja na radi nyingi hapa Tarime. Jioni moja ya mwezi wa Aprili nilikuwa nimekaa sebuleni nikipitia shairi la rafiki yangu, kalamu mkononi, mara nikasikia mshindo nyuma ya nyumba. Radi ilikuwa imepiga nguzo ya umeme. Taa zikazimika, na kutoka katika chumba changu cha vitabu ikaja harufu ya plastiki iliyoungua. Nilipoingia na kurunzi, nilikuta kompyuta imekufa. Flashi niliyoiacha imechomekwa ubavuni mwake nayo ilikuwa imekufa. Nakala ilikuwa imelala kitanda kimoja na asili yake, na radi haikubagua.

Sikufadhaika sana usiku ule. Nilijua kwamba ipo nakala nyingine mbali, ng'ambo ya bahari, katika seva ambayo mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi wa kompyuta jijini Mwanza, alinikodishia na kuniandalia. Kila siku saa tatu usiku kompyuta yangu ilijichukulia nakala na kuituma huko. Kila asubuhi niliona maneno mafupi kwenye kioo: kazi imekamilika. Nikalala.

Ningependa kuwaeleza washairi wenzangu na wapenzi wa lugha kilichotokea baada ya hapo. Najua kwamba wengi wetu siku hizi tunazitunza diwani zetu, misamiati yetu na tafsiri zetu ndani ya mashine, na tunaamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba neno likishaandikwa mara mbili limekwisha okoka.

Kwanza niseme kilichokuwamo. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari za wilaya za Tarime na Serengeti tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu. Mwaka 1996 nilianza desturi ya kuwatuma wanafunzi, kila likizo, waende kwa babu na bibi zao wakaulize methali, vitendawili na maneno yasiyosikika tena sokoni. Walirudi na Kikurya, Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kiisenye. Mimi niliandika kila neno kwa lugha yake, nikaongeza maana yake kwa Kiswahili, jina la aliyelisema, kijiji chake na mwaka. Madaftari yakajaa kabati. Nilipokaribia kustaafu, yule mwanafunzi wangu alinitengenezea kanzidata.

Nalipenda neno hilo. Wapo wasemao hifadhidata, na sina ugomvi nao; lakini kanzi ni hazina, neno la kale walilolipenda washairi, na hazina ndiyo niliyokuwa nayo. Kufikia usiku ule wa radi kanzi hiyo ilikuwa na maingizo 4,318. Nayajua kwa sababu kila Jumamosi niliandika jumla katika shajara yangu, kama mwalimu wa zamu anavyoandika idadi ya waliohudhuria.

Siku ya tatu mwanafunzi wangu alinipigia simu. "Shikamoo Mwalimu," akasema, kisha akanyamaza kidogo. Nilimfundisha miaka minne. Najua akinyamaza hivyo ana jambo zito. Akaniambia kwamba faili zimo katika seva, zote thelathini za siku thelathini zilizopita, kila moja ina jina lake na tarehe yake, na kila moja ni tupu.

Kosa lilikuwa langu. Mwezi wa Mei mwaka 2022 nilikuwa nimebadilisha neno la siri la kanzidata, kwa sababu nilisoma mahali kwamba ni busara kubadilisha maneno ya siri mara kwa mara. Sikumbadilishia yule mtumwa wa usiku. Basi kila saa tatu alibisha mlango wa kanzi, akanyimwa ruhusa, akatoka mikono mitupu, akaifunga bahasha isiyo na barua, akaipeleka ng'ambo kwa uaminifu wote, kisha akaniandikia kwamba kazi imekamilika. Na kwa kweli ilikuwa imekamilika: alichoagizwa kuthibitisha ni kwamba bahasha imefika, wala hakuagizwa kutazama ndani. Baya zaidi, seva ilipangwa kubakiza nakala thelathini tu ili gharama isipande. Kila bahasha tupu iliyoingia iliisukuma nje bahasha moja yenye barua. Katika mwezi mmoja nakala zote njema zilikuwa zimekwisha futwa na nakala mbovu.

Kilichoniokoa kidogo ni bahati. Siku chache kabla sijabadilisha neno la siri, yule kijana alikuwa amejichukulia nakala moja Mwanza ili ajaribu jambo fulani, akaisahau katika mashine yake. Tulipoifungua, tulikuta maingizo 3,811. Nikafungua shajara, nikatoa. Yaliyopotea ni 507, kazi ya miezi kumi na moja.

Mtu anaweza kuuliza: na madaftari je? Madaftari ya miaka ya nyuma yapo. Lakini mwaka ule wa 2022 nilikuwa nimenunua simu nzuri, nikaacha kuandika kwa mkono. Nilirekodi sauti, nikaihamishia kwenye kompyuta, nikaandika kilichosemwa, kisha nikafuta sauti katika simu ili nipate nafasi. Nilijiona mtu wa kisasa.

Kati ya hayo 507, maingizo 63 yalitoka kwa bibi mmoja wa Ngoreme, wilayani Serengeti. Nilimwendea mara nne, nikipita barabara ya Nyamongo na kuvuka Mto Mara. Alikuwa mkongwe asiyeona vizuri, lakini masikio yake yalikuwa makali. Nikilitamka neno vibaya alinirudisha mara tatu hadi irabu ikae mahali pake. Safari ya mwisho aliniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine ukiizima, maneno yangu yanalala wapi?" Nikamjibu kwamba yanalala nyumbani kwangu, na nakala yake inalala ng'ambo, hata nyumba yangu ikiungua yeye yupo. Akacheka, akasema hajawahi kufika hata Musoma, na leo maneno yake yamefika ng'ambo. Alifariki Januari 2023. Nyumba yangu haikuungua hata. Maneno yake hayakuwapo.

Tangu hapo nimetafakari sana maana ya kuhifadhi, nami nimeona kwamba fasihi yetu ililijua jambo hili kabla ya mashine. Mtazameni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akamwezesha W. E. Taylor, mmishonari Mwingereza, kuyapata na kuyaandika. Karatasi hizo zikaenda London, ambako zimo katika maktaba ya SOAS. Mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akachapisha kitabu chake juu ya Muyaka jijini Nairobi. Mombasa, London, Johannesburg, Nairobi: huo ndio mzunguko kamili wa nakala. Ilitoka nyumbani, ikakaa mbali, na mwishowe ikarudi Afrika Mashariki ikasomwa na wajukuu wa wale walioighani. Ingelibaki London bila mtu kuifungua, Muyaka angekuwa namba ya jalada tu.

Huku kwetu Mara nako iko mifano. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alikusanya historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe wa Mara ya kusini, nazo zikachapishwa Leiden mwaka 2003. Mambo yaliyokuwa katika madaftari ya watu binafsi, ambayo mchwa mmoja au mvua moja ingeyamaliza, sasa yamo katika rafu za maktaba nyingi. Nakala nyingi, mahali pengi: hiyo ndiyo siri ya kwanza.

Wenye taaluma ya kompyuta wanayo kanuni ambayo Peter Krogh, mpigapicha wa Marekani, aliieneza: ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Mimi nilidhani nimeitimiza. Kumbe kanuni hiyo inahesabu nakala zilizo hai, nami nilikuwa nikihesabu maiti pamoja na wazima.

Siri ya pili, ambayo sikuijali, ni ukaguzi. Na hapa ndipo sisi wa vina na mizani tulipaswa kuwa walimu wa wengine. Ruhusa nitoe ubeti wangu mwenyewe, niliouandika wakati ule wa majonzi:

Nakala nimeiweka, ndani ya nyumba ya pili,
Isije radi kushuka, ikateketeza mbili,
Kila mwezi huishika, nikihesabu kamili,
Akiba isiyotoka, si akiba ni kivuli.

Tuseme mnakili mmoja amechoka, naye badala ya "ikateketeza" akaandika "ikaunguza". Maana haikuharibika sana, lakini msomaji mwenye sikio atajikwaa mara moja: kipande kile sasa kina mizani saba, hali vyote vingine vina nane. Umbo la shairi limemshtaki mnakili. Ndivyo pia watunzi wengi wa tendi walivyozoea kumalizia kwa kutaja jina lao na tarehe, na wengine wakataja na idadi ya beti. Aliyepokea nakala aliweza kuhesabu na kujua kama kuna ubeti ulioanguka njiani. Wapo pia waliozipanga beti kwa kufuata herufi za Kiarabu, ikawa ubeti ukikosekana, pengo linaonekana wazi kama jino lililong'oka.

Lakini mizani ina mipaka. Tuseme mnakili mwingine ameandika "nyumba ya mbali" badala ya "nyumba ya pili". Hesabuni: mizani ni nane, kina ni kile kile. Umbo halitamkamata. Ni lazima nakala ilinganishwe na asili, neno kwa neno. Kompyuta hufanya ulinganisho huo kwa njia yake: hupiga hesabu juu ya faili zima na kupata mfuatano wa tarakimu na herufi, kama alama ya kidole, faili likibadilika hata herufi moja, alama hubadilika. Nakala iliyotumwa ng'ambo ikitoa alama ile ile iliyotolewa na faili nyumbani, tunajua haikuharibika njiani. Nasema haikuharibika njiani tu. Bahasha zangu tupu nazo zilifika salama, na alama zake zililingana barabara, kwa kuwa utupu unafanana na utupu.

Nilijiona mjinga wa pekee mpaka yule kijana aliponisimulia habari za GitLab, kampuni kubwa inayotunza kazi za waandika programu duniani. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao, usiku, akiwa amechoka, alifuta kanzidata yao kuu akidhani yuko katika mashine nyingine. Walipoziendea nakala zao za mbali, walikuta hakuna kitu: programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo lisilolingana na kanzidata, kwa hiyo ilishindwa kila mara. Barua pepe za kuwatahadharisha zilitumwa, lakini zilikataliwa na mfumo wao wenyewe wa barua. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Wao walieleza hayo yote hadharani, nami nawaheshimu kwa hilo. Ajali yao na yangu ni ndugu: kazi iliyoshindwa kimya kimya, na wokovu uliotoka katika nakala ambayo hakuna aliyeikusudia kuwa wokovu.

Basi nieleze ninavyofanya sasa, kwa yeyote atakayependa kufuata.

Sinakili tena faili la kanzidata likiwa linatumika, kwa maana huko ni sawa na kupiga picha ukurasa wakati mwandishi bado anaandika. Utapata nusu ya sentensi. Ipo amri maalumu ya kuitoa kanzi yote kama maandishi, ikiwa katika hali moja tulivu, nami hutumia hiyo. Nakala moja hubaki katika diski ya nje, ambayo huichomoa kazi ikiisha na kuipeleka kwa jirani. Nyingine huenda ng'ambo. Tumepanga zibaki nakala za kila siku kwa mwezi mmoja, za kila mwezi kwa mwaka mmoja, na moja ya kila mwaka isifutwe kamwe, ili kosa nililolifanya leo na kuligundua baada ya miezi kumi na moja lisiwe limekwisha kuzimeza nakala zote njema. Faili likiwa dogo kuliko la jana, kazi inahesabiwa imeshindwa. Na nakala njema ikipita siku mbili bila kufika, mwanafunzi wangu na mimi hupata ujumbe wa simu. Zamani nilingoja habari njema. Sasa tumefanya ukimya wenyewe kuwa kengele.

Kabla ya kusafiri, nakala hufungwa kwa ufunguo wa siri. Ndani yake mna majina ya watu walioniamini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuwe waangalifu, hasa taarifa zinapotoka nje ya nchi. Ufunguo huo umeandikwa kwenye karatasi mbili, zinazotunzwa na watu wawili katika miji miwili, kwa sababu akiba ambayo ufunguo wake umeungua pamoja na nyumba haina tofauti na bahasha tupu.

Na sikuitupa ile diski ya kwa jirani. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilipata hitilafu, intaneti ikazorota nchini kote, na kwa siku kadhaa ng'ambo ikawa mbali kwelikweli. Hifadhi ya mbali ni njema, lakini hukaa mwisho wa barabara, na barabara hukatika.

Zaidi ya hayo yote, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi huwasha kompyuta kuukuu isiyo na kitu, nikaiagiza nakala kutoka ng'ambo, nikaifungua humo upya kana kwamba radi imepiga jana usiku. Kisha huilinganisha jumla na shajara. Kisha husoma kwa sauti maingizo kumi niliyoyachagua bila mpango. Mara ya kwanza kufanya hivyo jumla ilikuwa sawa, lakini maneno yalikuwa mabovu: Kikurya na Kingoreme zina irabu saba, nasi tulitumia herufi za ziada kuonyesha zile mbili ambazo Kiswahili hakina. Katika kurejesha, kila irabu ya namna hiyo ilikuwa imegeuka alama ya kuuliza. Hesabu isingelijua hilo. Jicho la mwalimu lililijua, na mpangilio wa herufi ukarekebishwa siku ile ile.

Mwezi wa Juni mwaka 2023 nilivuka tena Mto Mara. Nilikwenda kuwaambia wafiwa kwamba nilimwahidi mama yao jambo nisilolitimiza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, lakini niliishia kusema maneno machache tu. Mtoto mkubwa wa marehemu aliniambia, "Mwalimu, radi haina mwenyewe," nami nikalazimika kumweleza kwamba haikuwa radi.

Ndipo mjukuu mmoja, binti wa kidato cha tatu, akaingia ndani na kutoka na daftari la mazoezi. Siku nilizokuwa nikirekodi alikuwa ameketi nyuma ya mlango, akiandika. Nilimuuliza kwa nini. Akainamisha macho, akasema, "Samahani Mwalimu, nilisikia unayatamka vibaya, nikaona bora yawepo yaliyoandikwa vizuri." Tulikaa pamoja hadi jioni. Kati ya maingizo 63 tulipata 41, kila moja likiwa na irabu zake mahali pake.

Ishirini na mawili hayajapatikana. Mojawapo linanisumbua zaidi. Bibi alinipa neno la Kingoreme kwa ile saa ya jioni ambapo ng'ombe wanarudi na vumbi lao bado limesimama njiani nyuma yao, nao wenyewe wamekwisha kuingia zizini. Neno moja kwa hayo yote. Nakumbuka nilivyofurahi, na nakumbuka maana nzima. Neno lenyewe halinijii. Nimewauliza wazee wengi, na kila mmoja ananipa neno la jioni, au la vumbi.

Wasomaji wangu, zifungueni nakala zenu wiki hii, mzirejeshe mahali patupu na kuzisoma. Na kama yupo miongoni mwenu mwenye mzee wa Ngoreme nyumbani, naomba amuulize neno hilo, aliandike kwa mkono katika daftari, kisha ndipo anitumie.